Wa Arobaini na Tisa: Nyumba ya Busi na Ushairi Wetu

Katika kurasa kama hizi tumezoea kulitazama shairi kwa sikio kwanza: vina vikae mahali pake, mizani itimie, ndipo tuulize malenga amekusudia nini. Mazoea hayo siyakatai, maana ndiyo yaliyonilea. Lakini leo naomba ruhusa ya msomaji nilitazame shairi kutoka mahali pengine kabisa, nako ni jikoni. Na jiko ninalolikusudia si la kwetu Unguja wala Pemba. Ni jiko la mafiga matatu katika kata ya Busi, wilaya ya Kondoa, mkoa wa Dodoma, ambako nilipata kufundisha Kiswahili katika sekondari ya kata kwa miaka mitatu, kuanzia 2010. Swali langu ni hili: mtoto wa Busi anapokabidhiwa ushairi wa Kiswahili ausome, kisha atahiniwe na kutiwa alama kwa ushairi huo, je, nyumba yao imo mle ndani?

Kwanza niseme kwamba Busi si mbali nasi kama tunavyodhani sisi wa visiwani kila tunaposikia neno "bara". Wenyeji wake, Warangi, wengi wao ni Waislamu. Misafara ya biashara ilipita Kondoa katika karne ya 19, na pamoja na bidhaa ilikwenda lugha, kanzu na chuo cha Kurani. Maulidi husomwa. Mtoto hujua bismillahi kabla ya kujua a, e, i, o, u za mwalimu wa skuli (wao husema "shule"). Kinachotutenga ni mambo madogo ya ndani ya nyumba, na kwa kuwa ni madogo wahakiki huyapita: kilichomo chunguni, kinachowashwa chini ya chungu, na lugha ambayo mama humwitia mtoto aje kula. Lugha hiyo ni Kirangi. Kiswahili kinangoja sokoni na skuli. Chunguni mna ugali wa uwele au wa mtama, siku hizi mara nyingi wa mahindi, na pembeni yake mlenda.

Huo mlenda unastahili maneno mawili matatu, kwani msomaji wa pwani huenda akaucheka kwa utelezi wake bila ya kujua umuhimu wake. Ni majani ya porini na ya shambani yanayochumwa wakati wa mvua, yakaanikwa juani hadi yakauke, yakatwangwa yakawa unga na kuwekwa akiba. Miezi ambayo hakuna jani bichi hata moja, unga ule hutiwa katika maji ya moto, aghalabu pamoja na magadi, na karanga zikipatikana, ukawa mboga ya watu wanane. Ni kalenda iliyotiwa koponi. Mwenye kuijua nyumba ya uwanda wa kati anaweza kukuambia tumefika mwezi gani kwa kutazama tu kina cha lile kopo.

Basi nikaenda na vitabu vyangu.

Tungo yetu mashuhuri kuliko zote juu ya maisha ya nyumbani ni Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa 1858 na mama mgonjwa, mjane wa Bwana Mataka aliyekuwa mtawala wa Siyu, kwa ajili ya bintiye, Mwana Hashima. Haukuwamo katika muhtasari wa kidato cha tatu. Niliwasomea wasichana beti zake Ijumaa moja baada ya vipindi, kwa mapenzi yangu tu, nikiwafasiria Kiamu kadiri nilivyoweza. Walisikiliza kwa adabu. Walisikia jinsi binti anavyousiwa juu ya radhi za Mungu na za mume, juu ya usafi wa nyumba na wa mwili, juu ya kujipamba na kujifukiza, juu ya ulimi mzuri, juu ya kutokuchanganyika na watumwa ila wakati wa kazi. Nilipomaliza, mmoja akanyoosha mkono akauliza: "Mwalimu, huyu dada anapika saa ngapi?"

Darasa lilicheka, nami nikacheka. Usiku sikupata usingizi mapema. Nimeusoma utendi ule tangu ujana wangu, nimesoma na yaliyoandikwa juu yake. Nimeona wanaousifu kwa imani yake na wanaoulaumu kwa kumwinamisha mwanamke. Sikumbuki kama mimi mwenyewe nilipata kuliuliza swali la yule mtoto. Harufu inayotawala nyumba ya Mwana Kupona ni ya udi na marashi. Moshi wa kuni hauingii barazani. Hauingii kwa sababu kuna wengine wanaouvuta huko uani, na tendi imewataja mara moja, pale ilipomwonya binti asizoeane nao. Msichana wa Busi, aliyeamka saa kumi na moja kufuata maji, aliisikia nyumba ile kwa masikio ya wale wa uani.

Sisemi hivi ili kuishusha hadhi ya utendi. Kuna mahali pamoja ambapo wasichana wale hawakucheka, nako ni mwanzoni, mama anapomwita binti akaribie, aje na wino na karatasi. Mama anajua atakufa. Alichonacho cha kumwachia mtoto ni maneno, na maneno hayo yanataka kuandikwa. Hapo darasa lilinyamaza kimya kingine, si kile cha adabu. Nitarudi kwenye karatasi hiyo, kwa maana ndiyo iliyonifanya niandike makala haya.

Wana wa utendi ule ni wengi. Shaaban Robert (1909–1962) aliandika Hati kwa binti yake na Adili kwa mwanawe wa kiume, na baada yake kila gazeti la Kiswahili lenye ukurasa wa mashairi limechapisha nasaha za baba kwa mwana. Ni tungo za heshima. Lakini zikikusanywa pamoja zinaonyesha jambo: ushairi wetu wa nyumbani umekuwa ushairi wa kuwausia wakaao nyumbani, haukuwa ushairi wa nyumba yenyewe. Tunamwambia mtoto asome; hatusemi taa ilikuwa wapi alipokuwa akisoma. Tunamwambia mke apike vizuri, na mvua iliyochelewa hatuitaji.

Na mvua ni neno gumu kuliko linavyoonekana. Sisi tuna masika ya Machi hadi Mei na vuli ya mwisho wa mwaka. Tuna kaskazi na kusi, na malenga akisema "kusi" msomaji husikia ubaridi, bahari iliyochafuka na majahazi yanayorudi. Haji Gora Haji wa Tumbatu (1933–2021) alipoiita diwani yake Kimbunga, mwaka 1994, alijua kuwa anasema na watu walioona upepo ukigeuka juu ya maji. Unguja hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka. Mji wa Dodoma hupata kati ya 500 na 600, na karibu zote hunyesha katika msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Msimu huo ndio wanaouita masika. Kwa hiyo mwanafunzi wa Busi akikutana na "masika" katika shairi la mshairi wa Unguja, anaona mwezi wa Januari. Akikutana na "kusi" anaona upande wa ramani. Hajakosea. Neno ni lile lile, mbingu ndiyo nyingine. Nilisahihisha makosa ya namna hiyo kwa wino mwekundu kwa mwaka mzima kabla ya kutanabahi kwamba hayakuwa makosa.

Nchi ile, kwa mvua yake chache inayoshuka kwa kishindo, imechimbwa makorongo. Mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa katika eneo lililomomonyoka la Kondoa, la kilomita za mraba 1,256. Miti na nyasi vilirudi, na wataalamu wameandika ripoti tele za kusifu na za kuhoji. Lakini ng'ombe alipoondoka, maziwa yalitoka katika majumba, na samadi ikatoka mashambani, na mtoto aliyezoea kuchunga akabaki hana la kufanya mchana. Hilo ni jambo la mboga, la uji wa asubuhi, la harufu ya ua. Lingekuwa limetokea Lamu, utendi ungekuwapo.

Hapa msomaji atanikumbusha Mathias Mnyampala, na ana haki. Mnyampala alizaliwa Ugogo mwaka 1917, akafariki 1969, na hakuna mtu wa uwanda wa kati aliyeingia katika uga wa ushairi wa Kiswahili kwa kishindo kama chake. Diwani yake ya 1963 inaonyesha kwamba mizani na vina aliviweza sawa na mtoto wa Mvita. Lakini tazama alivyogawa kazi yake. Maisha ya watu wake aliyaandika kwa nathari, katika Historia, Mila na Desturi za Wagogo, kitabu cha 1954. Alipoingia katika ushairi alivaa joho: akaandika waadhi, hekima, dini na siasa. Ni kana kwamba alihisi kuwa ushairi wa Kiswahili ni sebule ya watu, na mtu haingii sebuleni na chungu cha mlenda. Simlaumu. Mgeni katika nyumba yenye sheria nyingi huwa mwangalifu kuliko mwenyeji.

Kilichofika Busi kutoka kwake ni ngonjera. Vitabu viwili vya Ngonjera za UKUTA vilitoka 1970 na 1971, baada ya kufa kwake, na umbo lile likaenea katika skuli zote za bara hata leo hakuna mahafali bila ya watoto kusimama mistari miwili na kujibizana mbele ya wazee wao. Nimezisikia nyingi. Aghalabu upande mmoja ni wa mjinga na wa pili ni wa mwerevu, na mwishoni mjinga husalimu amri. Sasa angalia nani hupewa nafasi ya mjinga ngonjera inapokuwa ya elimu: ni mzazi. Ni yule mama anayemtuma mtoto kuni badala ya kumpeleka skuli. Naye amekaa pale pale chini ya mti, katika kanga yake nzuri, anapiga makofi.

Basi twende kwenye mtihani, kwani ndiko mashairi yanakopatia wasomaji wengi kuliko kwenye majarida yetu yote. Kwa miaka mingi baada ya muhtasari wa 2005, mwanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne alichagua diwani zake kutoka katika orodha iliyokuwa na Wasakatonge ya Mohamed Seif Khatib, Malenga Wapya iliyoandaliwa na TAKILUKI, na Mashairi ya Chekacheka ya Theobald Mvungi. Mbili kati ya hizo tatu ni za visiwani. Mtoto wa Wete na mtoto wa Busi walifanya mtihani mmoja wa taifa wa kidato cha nne, na sauti ya washairi wetu ilikwenda mahali ambapo wao wenyewe hawajafika. Ni heshima kubwa, na deni pia.

Wala tatizo si kuwa vitabu vile ni vya visiwani. Wasakatonge ilipokewa vizuri sana. Jina lenyewe lilitosha: neno "tonge" halikuhitaji mwalimu, na hali ya mtu anayetoa jasho siku nzima kwa ajili ya tonge hilo waliijua kabla sijafungua kitabu. Tatizo lilikuja na maswali. Tulimfundisha mtoto kulipasua shairi kwa vichwa vya habari: dhamira, ujumbe, migogoro, falsafa, msimamo, halafu muundo, mtindo, matumizi ya lugha. Kisha "nafasi ya mwanamke katika jamii", ambayo majibu yake yalikwisha kupangwa katika vitini vinavyouzwa stendi: mwanamke kama mlezi, mwanamke kama mzalishaji mali, mwanamke kama chombo cha starehe. Msichana anayaandika hayo kwa mkono ambao bado unanuka moshi wa asubuhi, naye hajui kwamba ameulizwa habari za mama yake.

Mmoja alijua. Katika jaribio juu ya Wasakatonge aliandika kwamba tonge la Desemba ni dogo kuliko tonge la Juni, na kwa hiyo mshairi angetuambia ulikuwa mwezi gani. Basi. Sentensi tatu au nne, tahajia mbovu, dhamira hakuna, migogoro hakuna. Nilimpa alama 4 kati ya 20 na pembeni nikaandika: "Nje ya mada."

Nimehakiki vitabu vingi tangu siku hiyo. Nakiri kwamba sijapata kusema juu ya shairi lile neno lililo ndani ya mada kama lile. Njaa yetu sisi wahakiki huwa ya mwaka mzima, ya dhana, njaa ya "tabaka la chini". Njaa yake ilikuwa na miezi. Alilisoma shairi kama mtu asomaye barua iliyoandikwa na jirani, akaona tarehe haipo.

Alama zenyewe, tukiziangalia kwa miaka michache tu, zina hali yake ya hewa. Matokeo ya kidato cha nne ya 2012 yalipotangazwa Februari 2013, watahiniwa zaidi ya 240,000 walikuwa wamepata sifuri. Mwaka huo huo serikali ikayafuta na kuyapanga upya, na waliolala na sifuri wengine wakaamka na daraja la nne. Matokeo ya 2014 yalikuja kwa wastani wa pointi, kwa majina mapya. Ya 2015 yakarudi kwenye madaraja ya zamani. Mzazi wa Busi aliyapokea mabadiliko hayo kama anavyopokea habari za mvua kutoka redioni: kwa subira, bila ya kuamini sana, huku akitazama angani mwenyewe.

Lakini matokeo ya taifa huja mara moja. Kinachoingia nyumbani kila muhula ni ripoti, ile karatasi yenye jina, masomo, alama, daraja, nafasi ya mtoto darasani, na chini kabisa mstari mmoja wa maoni ya mwalimu. Ningependa wahakiki waisome ripoti hiyo kama utanzu. Ni fupi kuliko shairi la mstari mmoja, ina lugha yake ya mkato, na inasomwa kwa makini kuliko diwani yoyote. Mimi mwenyewe nimetunga maoni hayo kwa mamia, na karibu yote ni maneno mawili: "Aongeze juhudi." Ndio uhakiki wangu uliosomwa na watu wengi zaidi.

Na hapa karatasi ya Mwana Kupona inageuka. Kule Siyu mama humwita binti aje na karatasi, mama aseme, binti aandike. Busi ni binti ajaye na karatasi bila ya kuitwa, na mama asiyejua kusoma ndiye husikiliza. Wosia umegeuza njia.

Desemba ya 2011 mama mmoja alikuja nyumbani kwangu na ripoti ya bintiye. Alikuwa ni yule yule wa tonge. Alikaa kwenye kigoda, akauliza hali, akauliza habari za wazee wangu huko kisiwani kama ilivyo adabu. Kisha akasema: "Mwalimu, umeandika aongeze. Sikatai. Niambie basi nimpunguzie kipi." Sikuwa na jibu. Nilimpa chai. Baada ya kuondoka nilitunga beti kadhaa, nami naziweka tatu hapa. Sidai kuwa ni nzuri. Naziweka kwa sababu ya jinsi zilivyopokewa.

Mvua imechelewa, Desemba nayo yakwisha,
Jembe limeshanolewa, vumbi la shamba latisha,
Mlenda umetolewa, akiba ya kutuvusha,
Mama asema ni sawa, moto bado anawasha.

Mwana yupo mlangoni, na ripoti kasimama:
"Wa arobaini na tisa, kati ya sitini, mama."
Mama yuko mafigani, asonga bila kukoma,
Amwambia, "Kaa chini, kwanza ule, kisha soma."

"Na aongeze juhudi," mwalimu ameandika.
Asubuhi na baridi, maji ameshayateka,
Na kuni kichwani, hadi kengele ikasikika;
Ni ipi tena zaidi, juhudi wanayotaka?

Nilizipeleka kwa mhariri wa ukurasa mmoja wa mashairi, mtu ninayemheshimu hata leo. Alizirudisha na mambo mawili. La kwanza, "mlenda" na "mafiga" havina haiba ya kishairi. Hilo nililitarajia, ndiyo sheria ya sebule ile ile. La pili lilikuwa na nguvu zaidi. Ubeti wa pili, mshororo wa pili, ukwapi una mizani tisa badala ya nane, na kina cha kati kimepotea: tulikuwa na "ni", ghafla tumepata "sa". Msomaji aliyezoea atakuwa amejikwaa hapo, na ni kweli. Hesabu na uone: wa-a-ro-ba-i-ni-na-ti-sa. Tisa barabara, kama kwamba nambari ile imejihesabu yenyewe. Mhariri, kwa wema wake, alinipa na dawa. Aandikwe: "Nimekuwa hamsini." Mizani nane, kina "ni", mambo yamekwisha.

Ni dawa safi ya fundi. Lakini gharama yake ni kumshusha mtoto nafasi moja darasani ili mshororo usimame.

Wahafidhina wenzangu watasema hapa kwamba mshairi hodari angepata njia ya tatu: angeizunguka nambari, angesema "wa mwishoni", angesema "nyuma ya wengi". Angeweza. Euphrase Kezilahabi (1944–2020), aliyechapisha Kichomi mwaka 1974, angesema tuvunje vina vyote na tuache kusumbuka. Mzozo wa pande hizo mbili umekuwa mkongwe sasa, nami sijiungi na upande wowote kwa ajili ya mshororo mmoja. Nasema tu kwamba mtoto anayesimama mlangoni na ripoti hasemi "nyuma ya wengi". Anasema nambari, upesi, akitazama chini, kwa sababu nambari ndiyo aliyoibeba njia nzima. Mizani iliyovunjika pale ni sauti yake. Mishororo mingine yote ni ya kwangu, ndiyo maana imekaa vizuri.

Na lipo kosa halisi katika beti zile ambalo mhariri hakuliona. Limo katika neno la mwisho kabisa. "Wanayotaka": wanayotaka nani? Aliyeandika "aongeze juhudi" ni mimi, na wino ni wangu. Lilipofika swali la kunishitaki nikakimbilia katika kiambishi cha wingi, nikajificha nyuma ya "wa" kama wengine wote, na mizani ikanisaidia kujificha. Ngonjera ilimweka mzazi mahali pa mjinga. Mimi nilipotaka kumtoa, sikuwa tayari kukaa mahali pake. Mshairi mwaminifu angeandika "ninayotaka". Mizani ni zile zile nane, kina ni kile kile. Hakukuwa na udhuru wa kifundi hata mmoja.

Jambo moja tu katika beti hizo ninalithubutu, nalo si langu: "kisha soma". Kwa Kiswahili cha Busi, kama kwa chetu, kusoma ni kusoma barua kwa sauti, na kusoma ni kwenda skuli. Mama aliyekaa mafigani aliposema "kwanza ule, kisha soma" hatuwezi kujua kama alitaka asomewe ile karatasi au alimwambia bintiye arudi kwenye vitabu vyake. Nilipomsikia nilidhani ni la kwanza. Sasa nadhani alisema yote mawili, kwa pumzi moja, na ugali ukiwa motoni. Katika tungo zote za wosia nilizosoma sijaona mzazi aliyetanguliza chakula.

Nina jalada la mashairi niliyoletewa nisome tangu niliporudi kisiwani. Wiki iliyopita niliyapekua upya yale niliyoyakataa kwa maneno "lugha ya bara" na "mizani haikutimia", nikayaweka upande wangu wa kulia. Yametoka Singida, Mpwapwa, Kahama, na moja Haubi, si mbali na Busi. Hilo la Haubi linahusu mahindi yaliyooza kwa mvua ya ghafla, na mshororo wake wa kwanza una mizani saba. Nimelisoma kwa sauti mara nne, na bado sijajua kama ile moja imesahauliwa au imenyeshewa.

Yule msichana, kwa wanaotaka kujua, muhula uliofuata alipanda. Akawa wa thelathini na saba. Nilihesabu kwa vidole nikiwa bado nimeishika ripoti yake: mizani ilitimia, kina kikakataa.